Chokaa ya Wageni

Barabara ya machimboni ilipomwagiwa maji, watu wote walielewa kwamba wakaguzi wanakuja. Boza lilipita taratibu likinyunyiza kushoto na kulia, na vumbi ambalo mwaka mzima lilikuwa likiwaingia watu puani na kwenye masufuria likalala chini kwa adabu. Wanawake walisimama milangoni kutazama. Mmoja akasema hata mvua haijawahi kuwaheshimu namna ile, wakacheka, kisha kila mtu akarudi ndani kwenye shughuli zake.

Nyumba ya Mchwa ilikuwa ya mwisho, karibu kabisa na seng'enge ya machimbo. Mchwa silo jina alilopewa na mama yake. Wenzake ndio walimwita hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa kutoboa mwamba, shimo baada ya shimo, mahali pa kutiwa baruti, na kwa sababu alikuwa mwembamba, asiyependa maneno. Aliishi na mkewe, na mtoto wao wa kike aliyekuwa bado ananyonya, na mama yake mzazi ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi.

Waliishi na ufa pia, maana ule nao ulikuwa kama mtu wa nyumbani. Ulianzia juu ya mlango, ukashuka nyuma ya kitanda, ukapinda kidogo penye dirisha kama mtu anayekwepa tope, ukafika chini. Kila baruti ilipolia ulipanuka. Mke wa Mchwa alikuwa ameuziba kwa kitambaa cha shati kuukuu la mumewe, lenye mistari ya buluu, ili upepo usimfikie mtoto. Wakilipua, kitambaa kinaanguka kitandani. Anakiokota, anakikung'uta, anakirudisha. Kitanda hakikuwa na pa kuhamia, kwa kuwa upande wa pili paa lilivuja.

Ni ufa huo uliomtoa mke wa Mchwa nyumbani akaenda ofisi ya mazingira, mtoto mgongoni, bila kumuaga mumewe. Huko alitumwa dirisha hili, akarudishwa dirisha lile, akaambiwa asubiri, akaambiwa anaziba mlango. Mwishowe mama mmoja mkaguzi, mwenye miwani na sauti ya upole, alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia ukaguzi wa machimbo unakuja, watatazama usalama wa wafanyakazi, vumbi, maji machafu, na nyumba za jirani. Tukiona milipuko inapasua nyumba, alisema, tutawazuia wasilipue upande ule mpaka ninyi mhamishwe mahali pazuri.

Yule mwanamke alirudi nyumbani akiwa amelishika neno moja tu, *tukiona*. Njia nzima alilirudia kama mtu aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau. Ufa anao, mkubwa, mkono unapita. Wataacha vipi kuuona?

Mchwa alipopata habari hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda, akavua makubazi yake ya tairi, akayagonganisha vumbi likatoka.

"Umenishtaki kazini kwangu," alisema.

"Nimeushtaki ukuta, baba," mkewe akamjibu.

Mazungumzo yao yakaishia hapo. Bibi, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, aliyasikia maneno lakini hakujua wanazungumzia nini.

Siku moja kabla ya ukaguzi, machimboni kulikuwa kama kuna harusi. Nyapara, msimamizi wao, aliwapanga watu mstari, akagawa kofia ngumu mpya zilizokuwa bado zinanukia duka, vizibao vya kung'aa, buti, barakoa, na vizibo vya masikio. Alionya kwamba nailoni za kofia zisichanwe. Wanaume walitazamana wakacheka. Mwendesha mashine ya kusaga kokoto akasema leo hata mama mkwe wake angemkubali. King'ora kilichokuwa kimekufa kitambo kilifufuliwa, kikajaribiwa, kikawatoa kuku wote njiani.

Baada ya hapo Nyapara akafungua stoo, akatoa mifuko ya chokaa. Wanaokaa karibu na seng'enge wachukue, alisema, wapake nyumba zao, kampuni imetoa bure. Wageni hawapokewi kwenye nyumba chafu. Na mwenye nyufa nyufa aongeze na saruji kidogo, ile pale.

Mpaka leo hakuna anayejua kama chokaa ile ilitolewa kwa wema au kwa hila. Nyapara mwenyewe alichukua mfuko akaenda kupaka kwake, na kwake hakukuwa na hata mkwaruzo. Mchwa alisimama mbele ya mifuko ile muda kidogo. Aliufikiria ukuta wake, akamfikiria mkewe. Kisha Nyapara akamwambia, wewe Mchwa unangoja nini, ubebewe? Akainama, akajitwisha.

Alipofika nyumbani mkewe hakuwepo. Alikuwa ameamkia kliniki na mtoto, kifua kilikuwa kinambana. Mchwa aliuweka mfuko na ile saruji chini, akamwambia mama yake kwamba vimetoka kazini, ni vya kupaka nyumba, wageni wanakuja kesho. Hakusema zaidi ya hapo, akageuka akarudi kazini. Angeweza kusema zaidi. Njiani alijiambia kwamba mke wake akirudi ataamua mwenyewe.

Sasa Bibi, kabla magoti hayajamgomea, alikuwa mkandikaji wa kuta za udongo. Nyumba nyingi za mtaa ule zilipita mikononi mwake. Watu walimfuata kutoka mbali, maana ukuta aliousiriba Bibi ulikuwa laini kama shavu, na penye tundu hukujua kama palikuwa na tundu. Miaka mingi hakuna aliyemwita tena. Kazi yake ilikuwa kuchambua mboga na kubembeleza mtoto. Alipouona mfuko ule, moyo wake ulichangamka, msimcheke. Alisema moyoni, mkamwana wangu anahangaika na ule ukuta kila siku, leo arudi akute umepona.

Akafunga kanga kiunoni. Akachota udongo, akautia maji, akaukanda kwa miguu, akachanganya na majani makavu na ile saruji. Akakitoa ufani kile kitambaa cha mistari. Hakukitupa, yeye hakuwa mtu wa kutupa vitu. Alikifua, akakianika kwenye kamba. Kisha akaanza kuushindilia udongo ndani ya ufa kwa kijiti, kidogo kidogo, mpaka ukuta ukashiba. Akasiriba juu kwa kiganja. Akaimba kidogo. Jua lilipokaza akapaka chokaa, mkono wa kwanza na wa pili, na jasho likimtiririka akasogea nyuma kuitazama kazi yake. Ilikuwa nzuri. Kwa kweli ilikuwa nzuri.

Mke wa Mchwa alirudi jua likielekea kuzama, miguu imevimba kwa kusimama kwenye foleni. Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa kitambaa cha mistari ya buluu, safi, kinapepea kwenye kamba katikati ya nepi.

Alisimama. Alijua kabla hajafika mlangoni.

Ndani kulikuwa kweupe hata macho yaliuma. Bibi alikuwa ameketi kitandani, vidole vyake vimekauka chokaa, anatabasamu kama bibi harusi.

"Karibu kwako, mwanangu. Pitisha mkono uone kama utaupata."

Mkamwana alipitisha mkono. Alianzia juu ya mlango, akashuka, akafika penye dirisha. Mkono haukukwama popote. Akaegemeza paji la uso ukutani, mtoto angali mgongoni, akakaa hivyo. Bibi akadhani anashukuru, kisha akaona mabega yake yanavyotikisika kwa kilio.

"Nimekosea nini, mama?" aliuliza.

Yule mkamwana angeweza kusema mengi, na mengine yalikwisha kufika mdomoni. Lakini utamwambia nini mzee aliyejinyima pumzi kwa ajili yako? Alimweleza taratibu tu kwamba wakaguzi wanakuja kutazama nyufa. Kwamba ndizo walizokuwa wanazifuata. Bibi alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza mikono yake ilirudi mapajani, mmoja ukaufunika mwingine, kama anaificha.

Mchwa aliporudi mkewe alimngoja nje. Alimwambia anataka kuukwangua ukuta usiku huohuo. Mchwa akamsihi asifanye hivyo. Nyumba zote zimepakwa, alisema, yetu peke yake ikikutwa imekwanguliwa, Nyapara atajua neno limetoka wapi, na kesho kutwa sina shimo la kutoboa. Tutakula nini, ukuta? Labda mkaguzi atauliza, akiuliza utamweleza, ni mtu mzima atakuelewa.

"Na wewe utasema?" mkewe akamuuliza.

Mchwa akasema, tutaona. Akaenda kunawa.

Wakaguzi walikuja watatu, kwa gari jeupe ambalo halikupata hata tone la vumbi. Yule mama mwenye miwani, kijana wa kamera, na mwingine wa kupima kelele. Walianzia juu machimboni. Walionyeshwa king'ora, sanduku la huduma ya kwanza lililokuwa na kufuli mpya, na bwawa la maji machafu lililozungushiwa kamba. Mkaguzi alimsogelea Mchwa akamuuliza kama vifaa vile huwa anavivaa kila siku. Kofia ya Mchwa ilikuwa na nailoni. Nyapara alikuwa amesimama karibu hata pumzi yake ilisikika.

"Ndiyo, mama," Mchwa akasema.

Mama yule aliitazama nailoni ile kwa muda, akaandika. Kisha akasema angependa kushuka kwenye makazi, na mfanyakazi mmoja anayekaa huko awasindikize. Nyapara akamwonyesha Mchwa, huyu hapa, nyumba yake ndiyo ya mwisho kabisa.

Mke wa Mchwa aliwaona wakiteremka. Aliwaona wakiingia nyumba ya kwanza, wakitoka. Ya pili, wakitoka, kijana wa kamera akipiga picha moja tu ya mlango. Nyumba zote nyeupe, zinang'aa kama meno. Aliona jinsi wanavyokwenda mbio mbio, kama watu waliokwisha kujua jibu. Ndipo akaingia ndani, akachukua kisu cha jikoni, akaanza kukwangua.

Chokaa ilitoka, udongo haukutoka. Alichimba hapa, akachimba pale, hakujua tena ufa ulipita wapi. Bibi alimtazama kutoka kitandani, mtoto mapajani. Akanyanyuka, magoti yakilia, akampa mkamwana mtoto, akachukua kisu.

"Lete. Nilipouzika napajua mimi."

Akaanza kuchimba. Alipajua, ndiyo, lakini aliuzika vizuri mno. Udongo ulishika majani, majani yalishika saruji, na saruji ilikuwa imelala usiku mzima. Kila alipochokoa lilitoka donge, chini yake udongo mwingine. Mikono yake ya leo ilishindana na mikono yake ya jana, na ya jana ilikuwa na nguvu zaidi. Kilichopatikana ukutani kilikuwa kifereji kibichi, chenye alama za kisu, na vumbi jeupe kwenye kilemba chake.

Wakabisha hodi akiwa katika hali hiyo.

Mkaguzi aliingia, na wenzake wawili nyuma yake, kisha Nyapara, na Mchwa mwisho kabisa. Wote walikuwa wanamtazama mwanamke mzee aliyeshika kisu mbele ya ukuta mpya.

"Bibi, mbona unabomoa nyumba?" aliuliza kijana wa kamera, kwa sauti ile wanayotumia watu kwa watoto.

Nyapara alicheka kidogo, si kwa ubaya. Akasema ndio wazee wetu hawa, umri ukienda mtu anakuwa na mambo yake. Bibi akakishusha kisu. Alitaka kueleza kwamba yeye akili zake anazo, lakini alijiona alivyo, chokaa mpaka kwenye nyusi, akaona maneno yake yatazidi kumharibia.

Mke wa Mchwa ndiye aliyezungumza. Alieleza ufa ulivyokuwa, ulikoanzia, ulikopinda. Alieleza habari ya chokaa. Alitoka mbio akarudi na kitambaa cha mistari ya buluu, akamkabidhi mkaguzi. Hiki ndicho kilichokuwa ndani ya ufa, mama, hiki hapa. Mkaguzi alikipokea, akakigeuza upande huu na ule. Kilikuwa safi, kinanukia sabuni. Hakikuwa na la kusema.

Kijana wa kamera alisogea ukutani, akagusa kifereji kwa kidole, akasema huu si ufa, hapa pamechimbwa sasa hivi. Na alikuwa anasema kweli.

Mkaguzi akavua miwani akaifuta. Labda alikwisha kuelewa tangu nyumba ya kwanza. Alimgeukia Mchwa.

"Baba, wewe ndiye mwenye nyumba. Hapa palikuwa na ufa?"

Mtoto alikohoa. Mkewe hakumtazama Mchwa, alitazama kitambaa mikononi mwa mkaguzi, kwa sababu aliona akimtazama mumewe atamwonea. Bibi ndiye aliyemtazama. Nyapara alikuwa anairekebisha kofia yake kichwani, polepole, kama mtu asiye na haraka ya maisha.

"Nyumba za udongo, mama," Mchwa akasema, "huwa zina nyufa."

Alisema vile, hakuongeza wala kupunguza. Haikuwa uongo na haikuwa kitu. Mkaguzi alisubiri kidogo labda litakuja lingine, halikuja. Akamrudishia mwanamke kitambaa chake, akamwambia kwa ile sauti yake ya upole kwamba yeye anamsadiki, lakini huko ofisini hawatamuuliza anamsadiki nani, watamuuliza ameona nini. Akampa Bibi mkono. Bibi alisita kuutoa wake kwa sababu ya chokaa, mkaguzi akaushika hivyohivyo. Wakaondoka. Kiganja cha yule mama kilikuwa cheupe, wakamwona akikipangusa kwa karatasi kabla ya kuingia garini.

Jioni ileile kofia zilirudishwa kwenye magunia. Nyapara alikagua moja moja kama nailoni ipo. Mchwa alivua buti mbele ya wenzake, akaingiza miguu kwenye makubazi ya tairi, akarudi nyumbani akipita pembeni mwa barabara iliyokwisha kukauka. Alimkuta mkewe amefukia kifereji kwa udongo. Chakula kilikuwa mezani kimefunikwa. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimshinda. Angalau angetukanwa, angepata pa kushika.

Siku chache baadaye Nyapara alipita mtaani na kipaza sauti. Machimbo yamefuzu. Kampuni inawashukuru wakazi kwa usafi wao. Na kwa kuwa makazi yamekutwa salama, kazi itaendelea, na wataanza pia upande wa huku wa mwamba. Wenzake Mchwa walimpiga mabegani, maana mashimo yatakuwa mengi, hakutakuwa na mtu wa kukaa bure. Mchwa akatikisa kichwa akiwakubalia. Mashimo ya upande wa huku alipangiwa yeye. Alipokuwa akitoboa aliona paa lake mwenyewe chini pale, na kamba ya nguo, na mtu anayepita, hakujua kama ni mama au mke.

Walilipua mchana. King'ora hakikulia, kilikwisha kuharibika tena. Wanawake walijua tu walipoona wanaume wanakimbia kutoka mwambani. Mke wa Mchwa alimnyakua mtoto, akamshika Bibi mkono, wakatoka wakasimama barabarani na wenzao, kila mmoja na alichowahi kushika. Bibi alikuwa ameshika kikombe. Ardhi ikawapiga nyayoni. Mlio ukaja baadaye, na vumbi baada ya mlio.

Vumbi lilipotua wakaingia. Ufa ulikuwa umerudi. Ulipita palepale ulipokuwa, juu ya mlango, nyuma ya kitanda, ukapinda penye dirisha, ila sasa ukuta ulikuwa mweupe na wenyewe mweusi, ukaonekana vizuri kuliko siku zote. Kijana wa kamera angeupiga picha akiwa barabarani. Mapande ya chokaa yalikuwa yametawanyika kwenye blanketi la mtoto, palepale anapolaza kichwa.

Mkamwana alikung'uta blanketi nje. Alichukua kitambaa cha mistari, akakikunja, akakiingiza ufani. Hakikutosha tena. Kilidumbukia ndani, kikapotelea huko.

Mchwa aliporudi alisimama mlangoni akiutazama ukuta. Akasema kesho atamwambia Nyapara. Mama yake na mkewe waliitikia, haya baba, kama unavyomwitikia mtoto anayesema atakuwa rubani. Kisha akatoka akakaa nje, mgongo kwenye mlango.

Bibi alikuwa na kitanda chake kidogo cha kamba, kilichokaa kwenye pembe ya mbele, mbali na ukuta ule, mahali pakavu penye nafasi ya kitanda hicho tu, ambapo mwanawe alimpa kwa heshima ya uzee wake. Alitandua shuka lake. Akakishika kitanda kwa mwisho mmoja, akaanza kukiburuta.

"Mama, unakipeleka wapi?" mkamwana akamuuliza.

"Hapa." Alionyesha nafasi nyembamba iliyobaki kati ya ufa na kitanda anacholala mtoto. "Mimi ndiye niliyeupaka. Ukuta ukija chini, unipitie mimi kwanza."

Mkamwana alitaka kukataa. Alitazama pembe ile nyingine, akatazama pale chini paa linapovuja, akamtazama mtoto. Aliupima ukuta kwa macho, juu mpaka chini. Halafu akamkalisha mtoto sakafuni, akaenda akashika mwisho wa pili wa kitanda, wakakiinua pamoja.